Daktari Akishalitaja Neno Hilo, Nani Atakushika Mkono?

Matatu za kutoka Eldoret kwenda Kitale hazikosi kelele. Kuna redio, kuna kondakta anayegonga bati, kuna kuku chini ya viti na abiria wanaobishana juu ya bei ya mahindi. Hata hivyo, mtu aliyeizoea njia hiyo hapitishwi kwao hata akiwa amesinzia. Ukishaiacha barabara kuu pale Leseru, mwili wenyewe huanza kuhesabu mashamba ya ngano na mahindi mpaka Soy.

Lakini alasiri moja ya Novemba mwaka wa 2022, shangazi yangu, aliyeolewa Soy zaidi ya miaka 25 iliyopita, alipitishwa. Alipitishwa Soy, akapitishwa Matunda, akashtukia kondakta akimwuliza, "Mama, si wewe uliyesema Soy?" Walikuwa wamefika Moi's Bridge. Alishuka, akakaa kwenye benchi la muuza viatu, akasahau hata kudai chenji yake. Mkobani alikuwa na bahasha ya kaki, na ndani ya bahasha karatasi moja ya maabara. Alikuwa ameisoma mara nne akiwa garini. Neno aliloelewa lilikuwa moja tu.

Nimemwomba ruhusa ya kuyaandika haya naye amenipa, kwa sharti kwamba jina lake nisilitaje na pia nisimfanye shujaa. "Andika nilivyoogopa," aliniambia. "Wote wanaandika walivyoshinda, na mtu akisoma anaona yeye peke yake ndiye mwoga."

Uvimbe wenyewe aliuona mwezi wa Machi, wakati wa kupanda. Alikuwa akioga, mkono ukagusa kitu kigumu kwenye titi la kushoto, mfano wa punje ya harage. Hakikuwa na maumivu. Hilo ndilo lililomdanganya, kama linavyowadanganya wengi, kwani sisi tumelelewa tukijua kwamba ugonjwa ni ule unaouma. Akasema atakwenda hospitali baada ya palizi. Baada ya palizi akaenda katika zahanati moja, akaambiwa ni maziwa yaliyoganda, akande kwa maji ya moto. Mama wa miaka 51, aliyeacha kunyonyesha miaka kumi na mitano iliyopita! Alikanda mpaka ngozi ikabadilika rangi. Kufikia wakati wa kuvuna, ngozi ya titi ilikuwa imeingia ndani kama ganda la chungwa na chuchu imegeuka. Ndipo binti ya jirani, anayesomea uuguzi, alipomshika mkono na kumpeleka Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret. Wakamtoa kipande cha nyama kwa sindano, na baada ya siku kadhaa akapewa ile bahasha.

Nayaeleza haya si kwa sababu ni ya ajabu. Aghalabu ndivyo inavyokuwa. Mwaka wa 2020 shirika la kimataifa linalochunguza saratani, IARC, lilikadiria kwamba Kenya ilipata wagonjwa wapya wa saratani ya matiti karibu 6,800, na waliokufa kwa ugonjwa huo mwaka huohuo walizidi 3,000. Wengi wa wagonjwa wetu hufika kwa daktari ugonjwa ukiwa umefika hatua ya tatu au ya nne, hali ambapo tiba ni ngumu zaidi, ndefu zaidi na ghali zaidi. Na kwa wale akina baba wanaolifungua gazeti hili wakadhani ukurasa huu si wao, wajue kwamba wanaume pia huugua saratani ya matiti, ingawa ni wachache sana.

Lakini juma hili sitaki kuzungumza juu ya uchunguzi. Hayo mmeyasikia kila Oktoba. Nataka tuzungumze juu ya siku ya pili. Umekwisha kuambiwa. Umefika nyumbani. Ng'ombe wanasubiri kukamwa na mtoto yuko kidato cha nne. Sasa unamwambia nani?

Shangazi hakumwambia mtu. Kwa siku tisa alilala na bahasha chini ya godoro. Mumewe, mtu mpole asiye na maneno mengi, alijua kuna jambo lakini alidhani ni deni. Bintiye wa mwisho alikuwa katika shule ya bweni akifanya mtihani wa KCSE, na shangazi akaapa kwamba mtoto hataambiwa mpaka karatasi ya mwisho. Katika hilo simlaumu. Pengine hata wewe, mzazi unayesoma, ungefanya vivyo hivyo. Siku ya kumi akamwambia mumewe, mumewe akamwambia kaka yake, kaka yake akamwambia mzee wa kanisa, na kwa nia njema kabisa ikapangwa harambee ya kuchangia matibabu. Jumapili moja ya Desemba tangazo likasomwa mbele ya waumini wote, jina na ugonjwa. Binti alikuwa ameketi safu ya tatu, juma moja tu tangu arudi kutoka shuleni. Alisikia habari za mama yake pamoja na kijiji kizima.

"Mpaka leo," aliniambia binti huyo, ambaye sasa yuko chuoni, "sikumbuki nilivyofika nyumbani. Sikukasirika kwa sababu mama ni mgonjwa. Nilikasirika kwa sababu mtu aliyeketi nyuma yangu alijua kabla yangu."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humwumbua, na ni kweli. Lakini wahenga hawakusema umwambie kila mtu kwa mpigo mmoja. Kuna njia katikati ya bahasha chini ya godoro na tangazo kanisani. Mtoto wa miaka kumi na minane huweza kubeba habari kubwa kuliko tunavyofikiri, mradi aambiwe na mama au baba, wakiwa wameketi, na apewe nafasi ya kuuliza swali lile ambalo sote tunaliogopa. Hata mdogo wa miaka saba anajua kwamba nyumbani kuna jambo. Asipoambiwa, hulitunga mwenyewe, na alitungalo mara nyingi ni baya kuliko ukweli.

Baada ya tangazo, wageni wakaanza. Husemwa mgeni njoo mwenyeji apone. Ama kweli walikuja! Walikuja na sukari na mikate, wakajaza sebule, wakalia. Mwenyeji ndiye aliyekuwa akiwapikia chai na kuwabembeleza. Mmoja alisimulia, akiwa na kikombe mkononi, kuhusu mkwe wake aliyekuwa na ugonjwa uleule na alivyoteseka kabla ya kufa. Mwingine alileta chupa ya dawa ya mizizi na kusema dawa za hospitali ndizo zinazoua. Watu wa maombi wakamwambia akianza dawa ameonyesha hana imani. Na wapo waliokoma kufika kabisa, wakiwamo wawili aliodhani ni marafiki wa kufa kuzikana. Huenda walikuwa na hofu, huenda hawakujua la kusema. Shangazi anasema hao ndio waliomwuma kuliko sindano.

Nasikitika kusema kwamba nami nilikuwa miongoni mwa waliokosea. Nilimpigia simu kutoka Nairobi na kumwambia, "Shangazi, usijali, utapona." Alinyamaza kidogo kisha akaniuliza, "Nani amekuambia?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesema vile ili mimi nipate kulala usiku ule.

Mwezi wa Januari 2023 alianza dawa, zile za kutiliwa mshipani ambazo wagonjwa wenyewe huziita kemo. Daktari alikuwa ameamua kwamba uvimbe upunguzwe kwanza kwa dawa, halafu ndio waje upasuaji na mionzi. Mara nane, kila baada ya siku 21. Katika Hospitali ya Moi kuna kituo cha Chandaria kinachoshughulikia saratani na magonjwa ya kudumu. Wagonjwa hukaa kwenye viti, chupa zikining'inia juu, kila mmoja na mtu wake au bila mtu. Shangazi alikwenda na mumewe, lakini mzee aliona chupa yenye dawa nyekundu kama sharubati ikiingia mkononi mwa mkewe, akatoka nje akasimama langoni mpaka saa tisa.

Kiti cha pembeni kilikuwa na mama mmoja kutoka upande wa Turbo, amejifunga kitambaa cha kichwa cha maua, anakula ndizi. Alimtazama shangazi kwa muda, kisha akauliza, "Hii ni ya ngapi?"

"Ya kwanza."

"Mimi ya tano. Leo na kesho ukienda haja ndogo utaona nyekundu, usidhani ni damu, ni hiyo dawa. Nywele zitaanza kutoka kabla hujarudi hapa. Zinyoe mwenyewe mapema, kabla hujaziona kwenye mto, utalia kidogo kuliko mimi. Na ukishikwa na homa, hata kama ni saa nane ya usiku, usimeze Panadol ukangoja kuche. Njoo hospitali. Hiyo ndiyo inayoua watu, si ile unayoiogopa."

Shangazi anasema kwamba tangu apewe bahasha ile, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kupumua mpaka chini. Mwanamke yule hakumpa pole. Hakumwambia atapona. Alimwambia tu mambo matatu yatakayotokea, na mwenyewe alikuwa ameketi pale, hai, anakula ndizi.

Hebu tulitafakari hilo, msomaji. Daktari alikuwa amekwisha kumweleza shangazi habari za homa, na ilikuwa imeandikwa hata kwenye kadi. Dawa hizi hushusha chembe za damu zinazopigana na magonjwa, kwa hivyo homa ndogo inaweza kuwa hatari kubwa. Lakini neno la daktari lilipita kama kelele za matatu. Neno la mwenzake likaingia. Nilipochunguza nikaona jambo hili si geni duniani. Huko New York mwaka wa 1952, mwanamke aitwaye Terese Lasser alikatwa titi. Baada ya kutoka hospitalini alianza kuwazuru wanawake wengine waliofanyiwa upasuaji uleule, ili wamwone tu, wamwulize jinsi ya kunyanyua mkono na jinsi ya kuvaa nguo. Madaktari wengi hawakupendezwa naye. Lakini aliendelea, na mwaka wa 1969 Shirika la Saratani la Marekani likaichukua kazi yake na kuieneza. Mwaka wa 1974 Betty Ford, mke wa Rais wa nchi hiyo, alipokatwa titi akiwa Ikulu na kulisema waziwazi, wanawake wengi walikimbilia kupimwa.

Na hapa kwetu? Eldoret imelijua jambo hili kupitia mlango mwingine. Mwaka wa 2001 mpango wa AMPATH, unaounganisha Chuo Kikuu cha Moi, hospitali hiyo ya rufaa na vyuo vya Marekani vikiongozwa na Indiana, ulianza kutibu wagonjwa wa Ukimwi wakati ambapo jina lenyewe lilikuwa halitamkwi. Watu wanaoishi na virusi wakawa ndio wanaowapokea wenzao wapya na kuwaonyesha njia. Mpango huo baadaye ukaingia katika saratani pia. Nairobi nako, Shaira Adamali, aliyewahi kuugua saratani mwenyewe, alianzisha Faraja mwaka wa 2010, mahali ambapo mgonjwa anaweza kuingia akaketi na wanaoelewa.

Kwa umma mzima, nadhani mwezi uliotufungua midomo ni Julai 2019. Tarehe mosi alifariki Bob Collymore wa Safaricom. Tarehe 26 akafariki Ken Okoth, mbunge wa Kibra, ambaye alikuwa ameeleza ugonjwa wake hadharani. Siku tatu baadaye akafariki Dkt Joyce Laboso, gavana wa Bomet, mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kuchaguliwa magavana katika nchi hii. Wote watatu ni saratani. Nakumbuka juma lile, hata katika matatu watu walilisema neno lenyewe badala ya kusema "ule ugonjwa".

Turudi Soy. Yule mama wa Turbo alichukua namba ya simu ya shangazi, na kufikia Aprili wakawa saba: wa Ziwa, wa Kipsangui, wawili wa Matunda, mmoja wa mjini, na wao wawili. Kikundi chenyewe hakina jina wala mwenyekiti. Hukutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi nyumbani kwa mmoja wao. Kila mmoja hutoa shilingi 200, na fedha hizo ni za nauli ya yeyote ambaye tarehe yake imefika na mfuko ni mtupu. Usiicheke nauli. Kwa wagonjwa wengi wa mashambani, kinachokatiza matibabu si dawa bali ni kufika pale dawa ilipo. Tena hawa wana nafuu. Miaka ya nyuma mgonjwa wa huku aliyehitaji mionzi katika hospitali ya umma ilimbidi aende mpaka Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, zaidi ya kilomita 300, akapange foleni huko Nairobi na kutafuta pa kulala kwa majuma.

Nilihudhuria mkutano wao mmoja nikakaa pembeni. Nilitarajia machozi na maombi. Maombi yalikuwepo, mafupi. Kisha wakaanza mambo yao. Mmoja alisema miguu yake imekufa ganzi kwa ajili ya dawa za awamu ya pili. Shangazi akasema hata yeye vidole vimekufa ganzi, hawezi kukamua, na ng'ombe amemchoka. Wakacheka. Yule wa mjini alionyesha titi la bandia alilolishona mwenyewe kwa kitambaa na kulijaza mtama ili liwe na uzito, maana pamba peke yake hupanda mpaka shingoni ukiinama. Likapitishwa mkono kwa mkono kama mtoto mchanga. Wakaulizana nani amepata karatasi kamili ya maabara, ile inayoonyesha kama saratani yake inalishwa na homoni au la, na kama ina kile kinachoitwa HER2, kwa kuwa dawa hutegemea hayo. Wawili hawakujua kwamba karatasi hiyo ipo. Waliandikiwa kwenye kipande cha karatasi maneno ya kumwuliza daktari. Nilijifunza siku ile kuliko nilivyojifunza katika semina mbili za hoteli.

Habari za fedha pia ziliulizwa. Shangazi alianza matibabu kwa kadi ya NHIF, ambayo ilibeba sehemu, na mzee akauza mtamba mmoja kujaza pengo. Tangu Oktoba 2024 NHIF haipo tena, mahali pake ni SHA, na viwango vya saratani vimekuwa vikizungumzwa na kubadilishwa. Ushauri wa wale akina mama ni mmoja: usiulize jirani, nenda kwa afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kuuza ng'ombe.

Na waume? Hili nalisema kwa masikitiko. Mzee wetu alisimama langoni mwa hospitali mara nane, na hakuna aliyemwuliza yeye hali yake. Mara ya nne akamkuta mume wa yule mama wa Turbo naye amesimama. Walizungumza juu ya mbolea. Mara ya tano, mbolea tena. Mara ya sita yule wa Turbo akasema, akitazama barabarani, kwamba yeye sasa ndiye anayepika ugali na watoto wanaucheka. Mzee wetu akasema wake huungua chini. Wanaume wa kwetu hawana sebule ya mambo haya, lakini lango la hospitali linatosha.

Mwezi wa Julai shangazi alikatwa titi. Mwezi wa Agosti, akingoja mionzi, yule mama wa Turbo alifariki. Ugonjwa ulikuwa umefika kwenye ini.

Hapo ndipo kila kitu kilipokaribia kuvunjika. Shangazi alirudi kutoka mazishini, akaingia chumbani, akasema haendi tena popote. "Kama yeye aliyenifundisha yote amekufa, mimi nafuata nini?" Binti alilia, mzee akanyamaza, nami nikasafiri kutoka Nairobi na hoja zangu zote za kisomi. Hakunisikiliza. Simlaumu.

Asubuhi ya siku ya mionzi, saa kumi na mbili, mama wa Ziwa alibisha hodi. Alikuwa na chupa ya chai na mikate miwili. Akaketi kitandani, akamimina chai. Alisema, "Sikuja kukushurutisha. Mimi pia nimeogopa, usiku kucha sijalala. Nimekuja tu tunywe chai pamoja. Gari la saa moja litapita, tukilipanda sawa, tusipolipanda tutamaliza chai." Walikunywa bila kusema neno. Saa moja kasoro dakika kumi shangazi aliomba aletewe viatu.

Sitaki kumdanganya msomaji hata kidogo hapa. Mwaka wa 1989 daktari David Spiegel wa Chuo Kikuu cha Stanford alitangaza kwamba kati ya wanawake 86 ambao saratani yao ilikuwa imesambaa mwilini, wale waliowekwa katika vikundi vya kuzungumza waliishi muda mrefu zaidi. Habari hiyo ilisisimua dunia. Lakini watafiti wa Kanada walipojaribu tena kwa wanawake 235 na kutoa matokeo yao mwaka wa 2001, kikundi hakikurefusha maisha. Kilichoonekana ni kwamba wanawake hao walikuwa na dhiki ndogo ya moyo na waliyahisi maumivu kwa uchache, hasa wale walioanza wakiwa wamelemewa zaidi. Kwa hivyo anayekuambia kikundi kinatibu saratani, mkimbie kama yule wa chupa ya mizizi. Kinachotibu ni upasuaji, dawa na mionzi, na kwa wakati. Kikundi ndicho kinachokuvalisha viatu saa moja kasoro dakika kumi.

Nilimwuliza shangazi, sisi wengine ambao hatujaugua tufanye nini? Alicheka. Akasema aliyemsaidia kuliko wote katika kijiji ni kijana wa jirani aliyekuja kila jioni kukamua ng'ombe, akaweka maziwa mlangoni, akaenda zake. Hakuwahi kuingia ndani. Wa pili ni mwalimu mmoja aliyekuwa akituma ujumbe kabla ya kuja: "Nije au nisije?" na akijibiwa asije, hakununa. Mwenye mafua akae kwake. Anayeleta hadithi za waliokufa akae kwake vilevile. Na ukitaka kuandamana na mgonjwa kwa daktari, chukua daftari na kalamu, maana mgonjwa husikia nusu ya anayoambiwa. Ni vyema pia kumwuliza yeye mwenyewe nani aambiwe na nani asiambiwe. Habari ni zake.

Sasa shangazi yuko katika vidonge, kimoja kila siku, ambavyo aliambiwa atavimeza kwa miaka mitano au zaidi. Huenda kliniki kwa tarehe zake. Kila akiumwa mgongo hupatwa na wasiwasi, na husema wazi kwamba wasiwasi huo haujamwacha na haamini kwamba utamwacha. Anapanda mahindi. Vidole viwili bado vina ganzi, lakini ng'ombe wamemzoea.

Nilikuwa kwake Ijumaa iliyopita. Saa tisa unusu aliweka jembe chini, akanawa, akavaa koti zuri, akaniambia twende stendi. Nilidhani tunakwenda kununua sukari. Tulipofika Soy alisimama kando ya barabara na kuanza kuzitazama matatu zinazotoka Eldoret, moja baada ya nyingine, akichungulia madirishani.

"Tunamngoja nani, shangazi?"

"Mama mmoja wa huku nyuma. Amekwenda kuchukua majibu yake leo. Nilimwambia ningemsindikiza, akakataa, anataka kwenda peke yake." Matatu ya tatu ikapita bila kusimama. Akaifuata kwa macho, akanigeukia. "Simama upande ule, wewe una macho mazuri. Ukimwona ndani, piga kelele gari lisimame. Mwenye koti la kijani."